Injini ya Nani, Giaboksi ya Nani? Kutambua mitambo iliyochanganywa kwenye Land Rover za zamani

Land Rover za Series I hadi Series III, zilizoundwa Solihull nchini Uingereza kati ya mwaka 1948 na 1985, zimejengwa kwa namna inayomrahisishia kazi fundi anayetaka kubadili injini. Chasi ni ya chuma na inajitegemea bila bodi. Boneti inatoka yote. Sakafu ya mbele ni vipande vilivyofungwa kwa boliti, na vikitolewa giaboksi inaonekana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wala hakuna kompyuta ya kugombana nayo. Ndiyo maana gari lililotoka kiwandani mwaka 1968 na injini ya petroli linaweza kukutwa leo Karatu au Maralal likiwa na dizeli ya Kijapani mbele, giaboksi yake ya asili katikati na difu za gari jingine chini. Aliyeliunganisha huenda alikuwa fundi hodari, lakini mafundi hodari hawana desturi ya kuacha maandishi. Mnunuzi wa baadaye hugundua shida siku ya kwanza ya kutafuta spea: klachi haiingii, sili haikai, na muuza duka anauliza hii injini ni ya gari gani.

Swali hilo lina kasoro, kwa sababu kwenye gari lililochanganywa hakuna jibu moja. Injini ina jina lake, nyumba ya klachi lake, giaboksi lake, transfa lake na difu lake. Kila kimoja hutambuliwa peke yake kabla ya kusemwa kwamba ni ndugu wa kilicho jirani yake. Kinachowapotezea watu fedha nyingi ni kusoma jina moja linaloonekana vizuri, tuseme neno Toyota kwenye tapeti kava, kisha kudhani kwamba kila kilicho nyuma yake ni cha Toyota. Tapeti kava hufungwa kwa boliti chache tu, na hubadilishwa kabla chai haijapoa.

Kazi huanza kwa kujua gari lilizaliwa na nini. Kwenye Series II, IIA na III namba ya chasi imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na kishikio cha springi, na hurudiwa kwenye kibati kilichopo ndani ya gari. Kibati kinaweza kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine, kwa hiyo kinachoaminika ni kile kilichogongwa kwenye chasi. Hadi mwishoni mwa 1979 tarakimu tatu za mwanzo zilitaja aina ya gari, urefu wake, injini, upande wa usukani na soko. Namba inayoanza na 241 ni Series IIA fupi ya inchi 88, ya petroli, yenye usukani wa kulia, iliyokusudiwa kuuzwa Uingereza. 271 ni ndugu yake wa dizeli. Tarakimu ya tatu ikiwa 3, kama katika 243, gari lilisafirishwa likiwa vipande na kuunganishwa ng'ambo. Magari yaliyofuata yana namba ndefu yenye herufi, na moja ya herufi hizo hutaja injini.

Baada ya hapo inafaa kuzijua kwa sura injini za kiwanda chenyewe, maana nyingi hudhaniwa ni za kigeni wakati si za kigeni. Gari la 1948 lilikuwa na petroli ya cc 1595, ikafuatwa na ya cc 1997 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Injini hizi mbili zina mpangilio usio wa kawaida: vali za kuingiza hewa ziko juu ndani ya silinda hedi, vali za kutolea moshi ziko ubavuni ndani ya bloku. Alama yake ni kwamba kuna vifuniko viwili vya vali, kimoja juu na kimoja pembeni, na kabureta haina manifoldi yake ya kuingizia, kwani njia ya hewa imesubiwa pamoja na hedi. Mpangilio huohuo unarudi kwenye injini ya silinda sita ya cc 2625 iliyowekwa kwenye gari refu la inchi 109 kuanzia 1967. Fundi kijana anayekutana na injini hiyo mara ya kwanza anaweza kuapa kwamba ni ya lori la Kirusi. Ni Rover halisi.

Injini iliyo ya kawaida kuliko zote ni ya cc 2286, ya petroli kuanzia 1958 na ya dizeli kuanzia 1961. Kabureta na manifoldi ziko kushoto, distribyuta iko kulia. Kwenye dizeli, pampu ya mafuta ya CAV imesimama wima upande wa kulia, mahali palepale ambapo distribyuta ingekaa, kwa sababu bloku za injini hizi mbili ni za ukoo mmoja. Kabla yake, kati ya 1957 na 1961, kulikuwa na dizeli ya cc 2052, adimu sasa na ngumu kupatiwa spea. Mwaka 1980 injini za cc 2286 ziliongezewa beringi kuu za krenkishafti kutoka tatu hadi tano, na hapo ndipo penye mtego: kwa nje hazitofautiani sana, lakini krenkishafti na bloku za aina moja haziingiliani na za nyingine. Namba ndiyo inayozitenganisha. Kwenye petroli hiyo imegongwa kwenye bloku upande wa kushoto, karibu na mwanzo wa manifoldi ya moshi. Zile za beringi tano za baadaye huanza na 11H kwa petroli na 10J kwa dizeli. Namba ikianza na 12J, hiyo ni dizeli ya cc 2495 iliyokuja 1984. 17H ni petroli ya lita 2.5, na 19J ni dizeli ya lita 2.5 yenye tabo. Herufi iliyo mwishoni mwa namba isiachwe wakati wa kunakili, kwa sababu huonyesha mabadiliko ya muundo ambayo mwagiza spea lazima ayajue.

Kisha kuna V8 ya aluminiamu ya cc 3528 iliyoingia kwenye gari refu mwaka 1979. Distribyuta yake iko mbele kabisa, na hilo peke yake linatosha kuitambua kutoka mbali. Ikiwa bado iko na giaboksi yake ya kiwandani, LT95 ya gia nne, gari huvuta kwa magurudumu manne muda wote.

Si kila kisicho cha kawaida kilitengenezwa gereji. Kampuni ya Santana ya Linares, Hispania, iliunda Land Rover kwa leseni na kuipa injini yake ya silinda sita ya cc 3429, ambayo ni ile ya cc 2286 iliyoongezwa silinda mbili. Afrika Kusini, baadhi ya Series III zilitoka kiwandani na dizeli ya Atlantis Diesel Engines, iliyokuwa Perkins 4.236 iliyotengenezwa huko kwa leseni. Australia katika miaka ya 1980 Land Rover ziliuzwa rasmi na dizeli ya Isuzu 4BD1, na jeshi la nchi hiyo lilitumia injini hiyohiyo kwenye magari yake ya 110. Kwa hiyo Isuzu ndani ya Land Rover inaweza kuwa kazi ya fundi wa mtaani, na inaweza pia kuwa kazi ya kiwanda yenye vitabu na orodha kamili ya spea. Namba ya chasi, pamoja na ubora wa maunti zinazoishika injini, hutoa jibu. Maunti za kiwandani zinafanana kushoto na kulia na rangi yake inalingana na ya chasi. Za gereji huonyesha mshono wa kuchomelea na vipande vya chuma cha pembe.

Kabla ya kusoma namba yoyote, injini ioshwe. Mafuta ya taa, brashi ya waya, kitambaa, tochi, kioo kidogo na chaki vinatosha. Chaki ikipakwa kwenye namba iliyogongwa kisha uso ukafutwa, weupe hubaki ndani ya michongo na namba husomeka. Simu ikiingizwa mahali jicho lisipofika, picha yake hukuzwa baadaye kwa utulivu. Namba ziko za aina mbili, nazo hazisemi jambo moja. Iliyochomoza ilisubiwa pamoja na chuma: inaeleza kalibu, na kalibu moja inaweza kuwa imetumika kwa injini za aina kadhaa. Iliyogongwa kwa nyundo baada ya chuma kuchongwa na kulainishwa ni ya injini hiyo moja tu, na ndiyo inayopaswa kulingana na kadi ya gari. Anayenakili namba iliyochomoza kwenye bloku na kuipeleka dukani kama namba ya injini atarudi na vitu visivyokaa.

Ambapo namba hazionekani, spana zinaweza kusema. Land Rover za mwanzo zilitumia boliti za Kiingereza za vipimo vya zamani, na za baadaye nyingi ni za inchi za mfumo wa pamoja wa Uingereza na Marekani, ambapo spana ya 1/2 na 9/16 ndizo zinazotoka boksini mara kwa mara. Injini za Japani hufunguliwa kwa spana 10, 12, 14 na 17. Za Ujerumani na nyingi za Ulaya hupenda 13, 17 na 19. Spana 12 na 14 zikikaa sawasawa kwenye boliti za asili za bloku, mtafutaji aelekee Japani. Spana 13 ikitawala, aelekee Ulaya. Boliti zinazoangaliwa ni zile zinazoshika vitu visivyofunguliwa ovyo, kama kifuniko cha taimingi, si zile za feni au alteneta ambazo kila fundi ameshapitia na za kwake.

Herufi na tarakimu za injini za Japani nazo zina sarufi yake, na kila kampuni ina ya kwake. Isuzu huanza na hesabu ya silinda: 4BD1 ina silinda nne na cc 3856, 6BD1 ni ukoo uleule wenye silinda sita na cc 5785. Nissan huandika ujazo mwishoni: TD27 ni ya lita 2.7, TD42 ya lita 4.2, SD33 ya lita 3.3. Kwa Toyota tarakimu ya mbele haihesabu silinda hata kidogo, bali ni toleo ndani ya ukoo: B ya cc 2977, 2B ya cc 3168 na 3B ya cc 3431 zote zina silinda nne, wakati H ya cc 3576 na 2H ya cc 3980 zina sita. Hapa uchafu huleta balaa. Kuna 3B na kuna 13B. Ujazo ni uleule, ila 13B hunyunyiza dizeli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo hedi, pistoni na nozeli zake ni tofauti. Moja iliyofichwa na kutu inaweza kumgharimu mtu hedi nzima.

Perkins hutaja silinda kisha ujazo kwa inchi za ujazo. 4.203 ni silinda nne na takriban lita 3.3; 4.236 ni silinda nne na takriban lita 3.9. Namba za 4.236 za mfumo wa baadaye huanza na herufi LD. La muhimu zaidi kwa Perkins ni kujua ilitoka wapi, kwani injini hizi zilifungwa kwenye trekta, ikiwemo Massey Ferguson 165, pamoja na malori, mashine za kuvuna na jenereta. Iliyotoka kwenye trekta huwa na sampu nene ya chuma cha kusubu, kwa sababu kwenye trekta injini ni sehemu ya uti wa mgongo wa chombo. Gavana yake pia imewekwa kwa mwendo mdogo. Gari lenye injini hiyo litapanda mlima bila kulalamika, ila barabara ya lami italichosha dereva.

Jina likikataa kabisa kuonekana, kinachobaki ni kipimo. Hedi ikiwa imefunguliwa, upana wa silinda hupimwa kwa sentimita, unazidishwa kwa wenyewe, kisha kwa 0.7854, kisha kwa urefu wa mwendo wa pistoni, kisha kwa idadi ya silinda. Upana wa 9.047, mwendo wa 8.89 na silinda nne hutoa cc 2286. Upana ukiwa uleule na mwendo 9.7, jibu ni karibu cc 2495: Rover ilipotaka ukubwa zaidi iliongeza mwendo. Toyota kwenye ukoo wa B ilifanya kinyume, mwendo ukabaki sentimita 10.5 na silinda zikapanuliwa kutoka 9.5 hadi 10.2. Silinda iliyowahi kuchongwa upya itazidi kidogo, kwa hiyo tofauti ya cc ishirini au thelathini isimshtue mpimaji.

Baada ya injini, jicho lihamie mahali inapokutana na giaboksi. Hapo ndipo uamuzi wa fundi wa kwanza unaposomeka, na ndipo panapostahili muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari. Njia zilizotumika kwa kawaida ni tatu. Ya kwanza ni injini ngeni kwenye giaboksi ya Land Rover kwa kutumia pleti ya adapta: kati ya bloku na nyumba ya klachi huonekana kipande cha ziada cha chuma au aluminiamu chenye mizunguko miwili ya boliti, mmoja unaofuata injini na mwingine unaofuata giaboksi. Ya pili ni kuhamisha injini, giaboksi na transfa vyote kutoka gari moja. Ya tatu, ambayo ni ya bei nafuu na ya kusikitisha, ni injini na giaboksi kutoka gari la abiria linalovuta nyuma tu. Kwa kuwa transfa ya Series imefungwa kwenye giaboksi yake kama kitu kimoja, ikitoka giaboksi nayo hutoka, na Land Rover hubaki na ekseli ya mbele isiyofanya kazi yoyote. Propela shafti ya mbele ikiwa haipo, au ikiwa imefungwa upande mmoja tu, hadithi imekwisha kusimuliwa.

Kutokuwepo kwa pleti hakumaanishi kwamba injini ni ya asili. Dizeli ya 200Tdi, iliyoanza kwenye Discovery mwaka 1989, inatokana na ukoo wa ile ya cc 2286 na hukaa kwenye nyumba ya klachi ya Series bila adapta. Tabo na hedi ya aluminiamu ndivyo vinavyoitambulisha.

Klachi ndiyo kifaa kinachoumiza vichwa, kwa sababu hutumikia mabwana wawili. Kifuniko chake na upana wa sahani hufuata flaiwili, yaani injini. Meno ya tundu la katikati ya sahani hufuata shafti ya giaboksi. Mwenye 3B kwenye giaboksi ya Land Rover hatapata klachi yake kwenye kitabu cha Toyota wala cha Land Rover. Siku giaboksi inaposhushwa kwa sababu yoyote, basi, vitu vinne vipimwe na kuandikwa: kipenyo cha sahani, idadi ya meno, kipenyo cha shafti, na kipenyo cha bushi iliyo katikati ya flaiwili ambamo ncha ya shafti huzungukia. Bushi hiyo husahaulika kuliko vyote. Kwenye magari ya adapta huwa imechongwa na tona, na hakuna duka linaloiuza.

Usahihi wa pleti nao ukaguliwe. Injini na giaboksi lazima viwe kwenye mstari mmoja. Pleti iliyochongwa kwa mashine kutoka bamba moja kwa kawaida huaminika. Iliyochomelewa kutoka vipande ni ya kutiliwa shaka mpaka ipimwe. Gari linalotetemeka wakati klachi inaachiwa, linalochomoa gia ya nne lenyewe, au linaloua beringi ya mbele ya giaboksi mara kwa mara, linalalamikia mstari uliopinda, na kubadilisha beringi tena hakutalitibu.

Kwa giaboksi yenyewe, mahali pa kuanzia ni fito zilizo sakafuni. Series II na kuendelea ilikuwa na fito tatu: kuu ya gia, yenye kirungu chekundu ya kuchagua mwendo wa kawaida au wa nguvu, na yenye kirungu cha njano ya kuingiza magurudumu ya mbele. Ufito wa nne mdogo kwa kawaida ni wa ovadraivu ya Fairey, iliyofungwa nyuma ya transfa, ambayo hupunguza mizunguko ya injini kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Uwiano wake ni 0.782. Sakafu yenye tundu jipya na kiraka cha bati mahali pa tundu la zamani inasema giaboksi imebadilika, hata kama virungu vyekundu na njano vimerudishwa kwa mapambo. Giaboksi ya Series IIA na iliyo ya Series III hutofautishwa kwa kuendesha: ya kwanza haina sinkronaizi kwenye gia ya kwanza na ya pili, hivyo husaga meno dereva akirudi gia ya pili bila kupiga klachi mara mbili, ya Series III inazo kwenye gia zote za mbele. Gia tano kwenye giaboksi ya Land Rover huashiria LT77 ya miaka ya 1980 au R380 ya 1994 na kuendelea, kwa kawaida zikiwa na transfa ya LT230.

Kujua kama gari huvuta mbele muda wote au kwa kuchagua kunahitaji jeki moja. Magurudumu ya nyuma hubanwa kwa mawe, gia huingizwa, kufuli ya difu ya kati huachwa wazi, kisha gurudumu moja la mbele huinuliwa na kuzungushwa kwa mkono. Likizunguka huku propela shafti ya mbele nayo ikizunguka, uvutaji ni wa kuchagua. Likikataa, uvutaji ni wa muda wote. Gurudumu likizunguka lakini propela imetulia, habu za kufungulia ziko wazi na jaribio lirudiwe baada ya kuzifunga.

Tahadhari moja hapa si ya kupuuzwa. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, hushika propela shafti nyuma ya transfa. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, difu huliachia lizunguke na lile lililo chini nalo huwa huru, kwa hiyo gari linaweza kuondoka juu ya jeki huku breki imevutwa hadi mwisho. Mawe hutangulia jeki, na stendi hufuata kabla ya mtu kulala chini.

Difu hupimwa kwa kuhesabu. Gurudumu moja likiwa juu na lenzake likiwa chini limetulia, gia ikiwa huru na breki ya mkono ikiwa imeachiwa, gurudumu lililo juu huzungushwa mizunguko miwili kamili na mizunguko ya propela huhesabiwa kwa alama ya chaki. Karibu 4.7 ni difu ya asili ya Series. Karibu 3.54 ni ya Range Rover au ya Land Rover za baadaye. Karibu 4.1 inaelekeza kwenye Toyota. Ekseli za mbele na nyuma zipimwe zote mbili, kwani fundi aliyepata difu moja tu nzuri huenda alibadilisha nyuma peke yake; gari la namna hiyo likiingizwa magurudumu manne kwenye lami hujikaba lenyewe hadi kitu kivunjike. Uwiano huu pia huamua kama ndoa ina maana. Dizeli nzito isiyopenda mizunguko mingi ikifungwa kwa difu ya 4.7 hupiga kelele kwenye kilomita 60 kwa saa, wakati difu ya 3.54 huilegeza. Upande wa pili wa hesabu ni nguvu: petroli ya cc 2286 ilitoa takriban Nm 168, na hafushafti za Series hazikuwa na akiba kubwa juu ya hapo. Injini ya lita 3.9 ikizisukuma kwenye tope, zitakatika.

Umeme hukaguliwa kabla ya betri mpya kununuliwa. Dizeli nyingi za malori ya Kijapani zilikuja na stata na plagi za kupashia moto za volti 24, huku taa za Land Rover zikiwa za volti 12. Maandishi kwenye mwili wa stata na kwenye kila plagi yasomwe. Kuna magari yanayoendesha mifumo yote miwili kwa betri mbili zilizounganishwa kwa ustadi, na mengine kwa bahati. Alteneta yenye pampu ndogo nyuma yake na mipira ya oili ni alama nyingine ya dizeli ya Kijapani: pampu hiyo huvuta hewa kwa ajili ya breki, kwani injini ya dizeli haina mvuto wa kutosha kwenye manifoldi. Gari lililotoka petroli kwenda dizeli bila pampu hiyo, na bado lina kopo la kusaidia breki, lina breki nzito zinazohitaji kurekebishwa kabla ya jambo lingine lolote.

Oili ndiyo sababu ya kutokubahatisha jina la giaboksi. Ya Series hutumia oili nzito ya EP90. LT77 hutumia oili nyepesi ya giaboksi za otomatiki. LT95 huwekwa oili ya injini ya 20W-50 kwenye giaboksi yenyewe na EP90 kwenye transfa. Kumimina EP90 kwenye LT77 hufanya gia ziwe ngumu kuingia asubuhi, na dereva huilaumu klachi isiyo na kosa. Mpaka jina lithibitishwe, oili iliyomo ikaguliwe rangi na uzito wake, na ikiwa safi iachwe.

Matokeo yote huandikwa kwenye karatasi moja, kifaa kwa kifaa: injini na namba yake kamili, aina ya pleti, vipimo vinne vya klachi, giaboksi, transfa, uwiano wa kila difu, volti. Nakala hukaa ndani ya gari. Namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku hulinganishwa na iliyo kwenye kadi, na zikitofautiana mwenye gari huenda kusajili mabadiliko akiwa na hati ya ununuzi wa injini, kabla ya kukutana na mkaguzi barabarani. Mahali pa namba pakionekana pamesagwa kwa tupa au grenda, anayelikagua gari kwa nia ya kulinunua hana haja ya kuendelea na vipimo vingine.